Mtani wa Ghorofa ya Chini

Mama yangu alikuwa na neno moja kwa kila aliyevuka bahari kuja Unguja baada ya babu yake yeye kuvuka: "wa bara." Akilitamka, pua hukunjika kidogo. Mtu akichomolewa simu Darajani, ni wa bara. Redio ikipigwa kwa kelele uchochoroni, ni wa bara. Hata samaki wakiadimika sokoni, alikuwa tayari kuapa kwamba wote wameliwa na wa bara.

"Na babu yako je, mama?" nilikuwa nikimuuliza. "Yeye kazaliwa Forodhani?"

Babu yake huyo alikuwa Mnyamwezi. Alitoka Tabora kwa miguu na mzigo wa watu kichwani, akafika pwani, akavuka, akamalizia umri wake kwenye mashamba ya karafuu. Ukoo mzima unalijua hilo na hakuna anayelificha. Lakini mama alikuwa na jibu lake.

"Babu yangu kaja zamani."

Nami humwambia nyani haoni kundule, kisha nakimbia, maana mama alikuwa na shabaha ya kandambili ambayo sijaiona kwa mtu mwingine.

Tunakaa Mji Mkongwe, katika nyumba ya zamani ya ghorofa ambayo ngazi zake zimesimama wima hata mgeni huzipanda kwa mikono na miguu. Sisi tuko juu. Maji hayapandi, bomba liko chini uani, na kila tone tunalotumia limepanda kwa ndoo. Karibu na bomba hilo kuna vyumba viwili, na humo walihamia mume na mke, Wagogo kutoka Dodoma, Wakristo. Mume ni mlinzi wa hoteli, kazi yake ya usiku. Mke ni fundi cherehani. Kutwa anashona sare za wanafunzi, na Jumapili hupiga pasi gauni lake akaenda kanisani.

Usije ukadhani mama aliwatupa. Haki ya jirani aliijua. Kila Ijumaa sahani ya pilau ilishuka ngazi, na mimi ndiye niliyetumwa kuipeleka. Na sahani haikurudi tupu, kwa sababu yule mama wa Kigogo naye amelelewa. Ilirudi na karanga za kwao, au ubuyu, imefunikwa kwa kitambaa safi. Mama akiziona karanga huzisukuma upande wangu. "Kula weye," husema, na sahani anaiosha upya ingawa imerudi inang'aa. Miaka ikapita hivyo. Sahani inashuka, sahani inapanda, shikamoo na marahaba ngazini, na yeyote angetutazama angesema hawa watu wanaishi vizuri. Mimi pia nilidhani hivyo.

Kisha mama akapata kiharusi. Ulimi ulimrudia upesi, kwani ulimi wa mama yangu haukuumbwa kukaa kimya, lakini mkono wa kulia ulikufa na mguu wa kulia akawa anauburuta. Mimi nauza kanga kwenye duka la watu Darajani. Natoka asubuhi, narudi magharibi ikikaribia. Kila alfajiri nilimtia udhu kabla ya kuondoka, nikampa chai, nikampangia chakula na jagi la maji kando ya kitanda, kisha nikashuka ngazi roho ikiwa juu.

Nikirudi, nakuta chakula kipo kama nilivyokiacha. Maji hayajaguswa. Mwanzo nilidhani hana hamu. Baadaye nikadhani anadeka. Midomo ikaanza kupasuka, macho yakaingia ndani, na daktari akasema mgonjwa asiyekunywa maji katika joto hili ataharibikiwa na figo. Hapo nilimkalia kooni mpaka akasema.

Alikuwa analinda udhu. Akila na kunywa, angehitaji kwenda haja, na udhu wa alfajiri ungetenguka. Na ukitenguka, nani angemmiminia maji ya adhuhuri? Basi alikuwa amelala na kiu yake kutwa, anaushika udhu ule ule mpaka adhuhuri, na Mungu akijaalia, mpaka laasiri. Siku udhu ulipomponyoka alilia peke yake, akazilipa sala zake jioni bila kuniambia.

Nilimkumbusha kwamba dini haikumkalifisha mgonjwa, kwamba kuna kutayamamu kwa udongo. Alinitazama kwa ghadhabu.

"Maji yapo hapo chini uani, weye waniambia udongo?"

"Basi nimwombe jirani awe anapanda kukumiminia."

"Yule wa bara? Anitie mkono?" Akageuza uso ukutani. "Udhu wa mkono wa Mkristo hausihi."

Nilikasirika, sikufichi. Kesho yake niliomba ruhusa dukani nikaenda kwa ustadhi wa madrasa ya mtaani, kijana mwenye subira, nikamweleza. Akaniambia mgonjwa kusaidiwa kutia udhu kunafaa, na dini ya anayemimina haina neno. Yatakiwa maji yawe safi na nia iwe ya mwenyewe. Nilipanda ngazi mbio kwa furaha. Mama akanisikiliza mpaka nikamaliza.

"Hayo nayajua tangu chuo cha Kurani," akasema. "Nlitaka kukuona unahangaika."

Basi nikajua. Dini ilikuwa imeshamruhusu. Aliyekataa ni yeye.

Kaka yangu anafanya kazi Kizimbani, kwenye shamba la serikali la karafuu na viungo, na anakaa huko huko na mkewe. Alipopata habari alikuja akaamua palepale: mama atahamia kwake, mkewe yupo nyumbani kutwa. Lilikuwa wazo la mtoto mwema, lakini mama alilisikia kama hukumu. Katika nyumba ile aliingia bibi harusi, humo alizaa, humo alifiwa na baba yetu. Kitandani kwake alimjua kila mwadhini wa Mji Mkongwe kwa sauti yake. "Nkitoka humu ntatoka kwa jeneza," akasema, na akaking'ang'ania kitanda kwa mkono wa kushoto yule mwanamke ambaye sikuwahi kumwona akiogopa kitu. Kaka akanivuta pembeni. Mwezi ukiandama, akasema, kama mama bado hali wala hanywi, atakuja na gari.

Nilishuka kwa jirani. Nilimweleza yote: kiu, udhu, gari, na hata anavyosemwa yeye mwenyewe. Mficha uchi hazai. Alizima cherehani, akaikunja sare ya mtoto wa watu.

"Dada, yote hayo yanatokea juu ya kichwa changu na mimi nipo hapa nashona?" akasema. Akapanda nami.

Mama alikuwa ameegemea mto, kando yake sahani ya halua aliyoletewa na kaka na ambayo, bila shaka, hakuigusa. Jirani akapiga goti, akaamkia. Mama akaitikia marahaba, kisha akamtazama kuanzia kichwani mpaka miguuni kama anayekagua kitambaa chenye doa.

"Weye kabila gani?"

"Mgogo, Bibi."

"Mgogo! Si ndo nyie mnaokaa mabarabarani na vikopo, saidia masikini, saidia masikini?"

Nilitamani ardhi ipasuke niingie. Jirani hakutikisika. Aliinamisha kichwa upande, akauliza kwa heshima zote:

"Na nyie, Bibi, asili yenu wapi?"

"Sie watu wa mjini."

"Babu yake Mnyamwezi wa Tabora," nikadakia, kwa hasira zangu.

Yule mwanamke akajipiga paja kofi lililosikika mpaka nje. "Mnyamwezi! Mpagazi! Kumbe miaka yote hii nampigia goti mtani wangu!" Akaketi kitandani bila kukaribishwa, akaichukua sahani ya halua, akaipakata, akaanza kula. "Babu yako alipita kwetu na pembe za ndovu kichwani, ulimi nje, anaomba maji. Tukamwambia lipa kwanza. Leo mjukuu wake ananiita mimi ombaomba!"

Nilimtazama mama. Utani wa Wagogo na Wanyamwezi aliujua, alikuwa ametusimulia sisi wenyewe: siku ya maziko ya babu yake alitokea Mgogo mmoja akalalia jeneza, akagoma kutoka mpaka apewe jogoo, na watu waliokuwa wakilia wakaangua kicheko na machozi yao usoni. Mtani hakasirikiwi. Akitukana, unamtukana, akichukua chako, unamwachia. Niliona uso wa mama ukitaka kukasirika na mila yake mwenyewe ikimkataza.

"Halua yangu, mwizi weye," akasema mwishowe. "Kwenu hamjapatapo kuona tamu?"

"Yako ilikuwa jana, Mnyamwezi."

Mama akacheka. Mdomo ulikwenda upande kwa maradhi, lakini kilikuwa kicheko, cha kwanza tangu augue.

Kesho yake adhuhuri nilibaki nyumbani nione. Jirani alipanda na birika na beseni, taulo begani. Mama akatia nia. Yalipoanza kumiminika maji, chumba kizima kikanukia mawaridi. Alikuwa ametia marashi! Miaka yote alikuwa ameona watu wa Unguja wakinyunyizia wageni marashi kwenye harusi na maulidi, akaona jambo kubwa kama sala haliwezi kustahili maji matupu.

"Haya maji ya bibi harusi!" mama akapiga ukelele. "Waniozesha kwa nani, Mgogo weye? Udhu wataka maji matupu!"

Alishuka ngazi zile mbio kuchota mengine, na tulimsikia akijicheka mwenyewe mpaka bombani. Mama akanigeukia. "Mjinga," akasema. Lakini alilisema neno hilo kwa upole, na akawa anautazama mlango kumngoja.

Katika udhu mkono wa kulia hutangulia, na wa kulia ndio uliokufa. Mama alikuwa akiuficha chini ya kanga, mgeni asiuone. Mimi mwenyewe kila alfajiri niliuosha kwa haraka, kwa sababu ulinitisha. Ulikuwa mzito na haukunijibu. Yule mwanamke aliuweka juu ya kiganja chake. Akavikunjua vidole kimoja kimoja, akapitisha maji katikati, akayapandisha mpaka kwenye kiwiko bila pupa, na wakati wote akisema na ule mkono kwa sauti ya chini: "Amka, mpagazi, mzigo unakungoja." Mama aliuacha pale. Hakuuvuta. Mimi si mwepesi wa kulia, ila nilitoka nikasimama ngazini mpaka nilipoweza kurudi.

Jioni ile jagi lilikuwa tupu.

Baada ya hapo mambo yalikwenda kwa namna ambayo sikuipanga. Mume wa jirani hulala mchana, na mlio wa cherehani humwamsha. Basi siku moja aliibeba mwenyewe mpaka juu, akaiweka chini ya dirisha letu penye mwanga, na mkewe akawa anashonea chumbani kwa mama. Nikirudi kutoka dukani nawasikia tangu ngazi ya kwanza wakitukanana. Mama alijifunza kufumua nyuzi kwa mkono wa kushoto, na pindo likienda kombo ndiye wa kwanza kuliona. Jirani alijifunza sauti za waadhini. "Bibi, wa msikiti wa Malindi ameshaanza na wewe bado unapiga domo," humwambia, na birika liko mkononi. Na Jumapili asubuhi mama ndiye aliyepiga kelele dirishani kuelekea uani: "Mgogo! Watu washakwenda kanisani, weye unakoroma! Utamwambia nini Mola wako?" Niliwatazama wale wanawake wawili na nikawastaajabia. Sikujua kwamba matusi yanaweza kumnyoosha mgonjwa mgongo.

Ijumaa moja, tunakula pilau pamoja, mama akauliza kama chumvi imekolea. Jirani akaweka tonge chini.

"Bibi, niseme ukweli? Hii pilau nimeijua juzi tu. Miaka yote ile sikuila."

Akatueleza. Alipokuwa anaondoka Dodoma, shangazi yake alimwonya kwamba watu wa Unguja humtilia mgeni jini ndani ya chakula, asirudi kwao tena. Kila Ijumaa alipokea sahani kwa mikono miwili, akashukuru, akamwaga pilau kwa paka wa uani. Halua ya siku ile ndiyo kitu cha kwanza alichokila mikononi mwetu, na alikila kwa sababu mtani akishachukua hawezi kurudisha. Usiku kucha alilala akilisikiliza tumbo lake.

Nilidhani mama atalitaka jina la huyo shangazi aliyetusingizia majini. Wala. Majini hayakumgusa.

"Pilau langu!" akasema. "Na mdalasini wangu wote ule! Kumpa paka!"

Kwa ajili ya haki nikaona niseme na mimi. "Na karanga zako, dada, mama alikuwa hazili. Zote nlikula mie."

Wakatazamana. Wakaanza kucheka, wakacheka mpaka ikabidi nimshike mama asiteleze kitandani. Mimi sikucheka sana. Nilikuwa nafikiria ile miaka yote tuliyosema tunaishi vizuri na majirani. Ngazi ilikuwa imejaa wema, unashuka na kupanda, na walioshiba ni mimi na paka.

Mwezi ukaandama, na kaka akaja na gari. Alimkuta mama amejaa mashavu, ana nguvu za kugombana, lakini mkewe alikuwa ameshaandaa chumba na ndugu wameshaambiwa, na mwanamume akishawaambia ndugu huona haya kurudi nyuma. Jirani alitoka nje ya mlango kumwaga maji. Kaka alidhani ameshuka kwake chini.

"Mama ana watoto," akaniambia, mbele ya mama. "Watu watasema nini, mwili wa mama yetu anaushika mtu wa kanisani, hata hatujui katokea wapi? Hawa wanajulikana. Leo anakuletea maji, kesho utalikuta kabati jeupe."

"Rudia," mama akasema.

Kaka akageuzageuza funguo za gari mkononi.

"Mie yule namwita ombaomba. Namwita mwizi. Namtukana asubuhi, namtukana jioni." Mama alikuwa hasemi kwa sauti kubwa, na mimi ninayemjua nikaogopa. Kwa mkono wa kushoto akauvuta ule wa kulia kutoka chini ya kanga, akauweka juu ya mapaja yake, mbele ya mwanawe ambaye hakuwahi kuonyeshwa. Vidole vilikuwa vimelegea, kucha zimekatwa vizuri. "Nna haki. Kila siku anaushika huu. Hauogopi, hauchoki. Mwenye kumtukana mtani wangu ni mie. Weye umemfanyia nini hata umtukane?"

Kaka akatazama ule mkono, akatazama sakafu.

"Nenda na gari lako, mwanangu," mama akasema. "Mkeo msalimie. Mie nipo nyumbani kwangu."

Jirani alikuwa ameshasimama mlangoni na beseni tupu. Alikuwa amesikia yote, ya kaka na ya mama. Nilingoja ashukuru, au alie, au aondoke zake, na haki ya kuondoka alikuwa nayo.

"Mpagazi wewe," akasema, "nani kakutuma unitetee? Mimi nilishafurahi kwamba leo unaondoka nipumzike." Na mdomo ukaendelea kutukana hivyo hivyo, jinsi mama alivyo mzito, jinsi anavyokoroma, huku machozi yanamtiririka mpaka kidevuni. Mama anamjibu tusi kwa tusi, naye analia. Kaka yangu, ambaye si mtu mbaya, alikwenda akalipokea beseni mikononi mwake, akamwambia, "Nisamehe, dada."

Mimi nilikuwa nimesimama pale dirishani kwenye cherehani. Mama amenizaa, amenilea, amenisomesha, na ananipenda kwa namna yake. Lakini maisha yangu yote hajawahi kunisimamia vile mbele ya mtu. Nilimpenda siku ile kuliko siku zote, na nilimwonea wivu yule Mgogo. Mpaka leo namwonea.